Hendeli Nyuma ya Mlango

Simu ilitikisika mara tatu ndipo nikaichomoa kiunoni, nilikoipachika ndani ya kanga. Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku ya nne tangu tumzike Baba. Tanga lilikuwa limeshaanuliwa, wageni wa mbali wameondoka na mabasi ya alfajiri, na sisi wanawake tuliobaki tulikuwa uani tunasugua kwa majivu masufuria ya kuazima, ili yarudi kwa wenyewe yaking'aa kuliko yalivyokuja. Nilitazama jina kwenye kioo cha simu nikajua kilichotokea kabla sijapokea. Mtu huyu hanipigii kunijulia hali, huandika ujumbe. Akipiga, seva imelala.

“Mdogo wangu, pole tena,” alisema. “Najua si wakati wake.”

“Nimeshapoa, Dada. Imelala?”

“Imelala.”

“Tangu saa ngapi?”

Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika, kwa sababu kijijini kwetu, wilaya ya Handeni, mtandao wa simu hukaa vizuri sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya msikiti.

“Tangu juzi usiku,” akasema mwishowe.

Juzi ilikuwa Ijumaa. Nikahesabu saa kwa vidole vyenye majivu. “Mbona hukuniambia jana?”

“Jana ningekupigiaje? Si ulikuwa msibani?”

Nilimwambia Mama nakuja sasa hivi, nikafunga kanga vizuri, nikaelekea kichuguuni.

Seva tunayoizungumzia ni sanduku la bati lenye kelele, linaloishi katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, kwenye idara ninakosomea shahada ya uzamili jijini Dar es Salaam. Ni moja, lakini ndani yake zinaishi kompyuta sita. Hizo sita ndizo tunaziita mashine pepe: kila moja inajiona ina diski yake, kumbukumbu yake na kadi yake ya mtandao, kumbe vyote ni vipande vya sanduku lile lile, vimegawanywa na programu. Sisi tunatumia KVM, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, pamoja na libvirt, programu ya kuzisimamia. Kwa lugha ya fani, sanduku huitwa mwenyeji na zile sita huitwa wageni. Nilipoisoma istilahi hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nilikulia katika nyumba ambayo mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wageni wa seva hupewa jembe siku ya kwanza.

Mwanafunzi aliyekuwapo kabla yangu alizipa majina ya samaki. Changu anashika hifadhidata. Kibua anapokea takwimu kutoka nje. Nguru anachora grafu. Papa, Pweza na Dagaa ni za wanafunzi wengine kufanyia majaribio. Nilirithi samaki wote sita pamoja na karatasi moja ya maelezo iliyoandikwa kwa haraka, na nenosiri ambalo nilishauriwa nilibadilishe siku ile ile. Nikalibadilisha.

Dada aliyenipigia simu anasoma uhandisi wa mazingira. Ananizidi miaka mitano, ana mtoto mmoja, na utafiti wake wote ulikuwa unategemea Kibua. Alikuwa ameweka vihisi vitatu chini ya madaraja katika bonde la Msimbazi, vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyopiga sauti isiyosikika kuelekea majini na kupima mwangwi unachukua muda gani kurudi. Mto ukipanda, mwangwi unawahi. Kila robo saa, kila kihisi kinatuma namba moja kwa njia ya mtandao wa simu. Namba ikifika, Kibua anaipokea na kumkabidhi Changu. Isipofika, imepotea. Vifaa vile havikuwa na kadi ya kumbukumbu. Bajeti ilitosha betri na kasha lisiloingiza maji, ikaishia hapo. Alikuwa akisubiri masika. Sura nzima ya nne ya tasnifu yake ilikuwa na kichwa cha habari tu, na chini yake mabano mawili yaliyosema: mvua ikinyesha.

Ijumaa ile ilinyesha. Kwetu Handeni tulipata manyunyu, Dar ikamwagika. Saa tano usiku umeme ukakatika eneo lote la chuo. UPS ilivumilia dakika zake chache, kisha seva ikazima. Saa nane usiku umeme ukarudi, na seva ikawaka yenyewe, kwa sababu katika mipangilio yake ya ndani kabisa, ile inayosomwa kabla hata Linux haijaamka, kuna mahali unachagua mashine ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Yetu ilikuwa imechaguliwa iwake. Basi ikawaka. Feni zikazunguka, taa za kijani zikamemeta, Linux ikapanda bila kosa lolote. Mtu aliyefungua mlango wa stoo ile angeapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Mwenyeji alikuwa macho, wageni wote sita wamelala. Hakuna aliyewaambia waamke.

Katika libvirt, mashine pepe haiamki kwa sababu tu mwenyeji kaamka. Lazima uwe umeiwekea alama. Amri yenyewe ni fupi: unaandika virsh autostart, unafuatisha jina, mathalani changu, unabonyeza. Kinachotokea ni kitu kidogo mno. Ndani ya folda iitwayo /etc/libvirt/qemu/autostart kinazaliwa kiungo kinachoelekeza kwenye faili la maelezo ya mashine hiyo. Siku nyingine mwenyeji akiwaka, libvirt huchungulia folda ile na kumwamsha kila aliyemo. Kwa samaki sita ni amri sita. Hata ukiandika kwa kidole kimoja huwezi kumaliza dakika mbili.

Nilikuwa na miezi minane ya kuziandika.

Juu ya kichuguu niliweka simu sikioni, mkono mwingine nimeziba sikio la pili kwa sababu ya upepo. Dada alikuwa ameshafunguliwa stoo na mlinzi, ameketi mbele ya skrini ndogo iliyounganishwa na seva. Aliona mstari unaomtaka aingize jina na nenosiri.

“Nipe nenosiri,” akasema.

Sikuwahi kumpa mtu yeyote. Hiyo ni kanuni nzuri, lakini kanuni nzuri huambatana na nyingine, kwamba wawepo angalau wawili wanaojua, na hiyo niliiacha. Nilivuta pumzi nikaanza kumtajia herufi moja moja. Be. We. A. Ne. A. Em. A. Je. I. Kisha mwaka, kisha alama ya mshangao.

“Bwanamaji,” akarudia ili kuhakikisha. “Neno moja?”

“Neno moja.”

Lilikuwa jina la Baba. Silo la kwenye kitambulisho, bali lile ambalo kijiji kizima kilimwita kwa zaidi ya miaka ishirini. Dada hakujua, na sikumwambia. Nilimsomea amri ya kumwamsha Changu, nikasubiri, nikamsomea ya Kibua. Baada ya dakika moja akasema, kwa sauti ya chini, “Zinaingia.” Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kutoka saa tano usiku wa Ijumaa ni saa 33. Saa tatu za kwanza umeme haukuwapo, hizo sizilipii. Saa 30 zilizobaki seva ilikuwa inawaka na vihisi vilikuwa vinatuma, kila robo saa, kwa mtu aliyelala.

“Maji yalifika wapi?” nikauliza.

“Watu wanasema yalifika mpaka kwenye vyuma vya daraja,” akasema. “Mimi sina namba.”

Niliporudi uani Mama aliniuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia ni mambo ya chuo. Akanitazama, akaendelea kusugua.

Baba alikuwa mwendesha pampu ya kijiji. Asiyeijua Handeni ya wakati ule aelewe kwamba maji hayakuwa jambo la kufungua bomba. Palikuwa na kisima kirefu, na palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda palikuwa na injini ya dizeli aina ya Lister yenye gurudumu zito kila upande, iliyofika kabla mimi sijazaliwa. Haina ufunguo, haina betri. Ina hendeli, chuma kilichopinda kama herufi ya Z, unachochomeka kwenye mhimili na kuzungusha kwa mikono. Juu ya injini kuna kikono kidogo; ukikiinua, injini inaacha kubana hewa na inazunguka kwa wepesi. Unazungusha mpaka magurudumu yashike kasi, halafu unakishusha kikono kwa mpigo mmoja, na kama Mungu amependa inakohoa mara mbili, inatoa moshi mweusi, inakubali. Ukikosea wakati, hendeli inarudi nyuma kwa nguvu ya magurudumu yale, na mkono wako uko juu yake.

Hendeli ililala nyumbani kwetu, imeegemezwa nyuma ya mlango. Haikuachwa kibandani hata usiku mmoja. Nadhani wazo la kwanza lilikuwa kuogopa wezi. Lakini kila alfajiri wanawake walipita njia ya kwetu na ndoo tupu, na kabla ya kufika kisimani walibisha, “Hodi, Bwana Maji ameamka?” na Baba alijibu kutoka ndani, “Ameamka!” hata kama bado anatafuta suruali. Nilikuwa mtoto na nilijua, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba sauti ile ya “ameamka” ndiyo aliyoipenda kuliko zote za siku nzima.

Hakumfundisha mtu. Kaka zangu wa ukoo waliomba, akawaambia chuma hiki kitawavunja mikono. Mimi sikuomba, mtoto wa kike, nilitazama tu. Alikwenda Korogwe kwenye harusi ya mdogo wake akarudi kabla biriani haijapakuliwa, kwa sababu kesho yake watu wangekosa maji. Wazee walimsifu kwa hilo. Mama hakusema kitu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hawakuwahi kulala nje ya kijiji pamoja usiku miwili mfululizo.

Kiharusi kilimshika upande wa kulia, mkono wa hendeli. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Kijiji kilirudi kuchota lambo kwa siku tisa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yale yale wanayonywa ng'ombe. Vijana wawili walijaribu injini. Mmoja alikaa na bandeji wiki tatu. Baba alijaribu kuwaelekeza akiwa kitandani, lakini ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na isitoshe kumbe hakuwahi kuyaweka maneno mahali pa yale aliyoyajua. Mkono wake ulijua muda wa kushusha kikono. Yeye mwenyewe hakuujua.

Mwaka uliofuata kamati ya maji ya kijiji ilifungiwa pampu ya umeme wa jua. Hakuna injini, hakuna kibanda. Paneli juu ya vyuma, kisanduku cha kuongozea, pampu imezama kisimani. Jua likipata nguvu ya kutosha asubuhi, pampu inaanza. Tangi likijaa, chelezo kinaikata. Nilikuja likizo nikamkuta Baba ameketi chini ya mwembe ametazama tangi, fimbo katikati ya magoti.

“Inajiamsha yenyewe?” aliniuliza, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo.

“Ndiyo, Baba.”

“Na jua likichelewa?”

“Inasubiri.”

Alifikiri kwa muda mrefu. “Basi na mimi nilale,” akasema. Mama alicheka huko jikoni, na yeye akacheka, na mimi nikacheka nikiwa sijui tunacheka nini.

Sasa nirudi kwenye ile miezi minane, kwa sababu hapo ndipo ninapopaogopa.

Ningeweza kusema nilisahau. Dada alifikiri hivyo, na msimamizi wangu pia. Ningeweza pia kutoa sababu ya kitaalamu, nayo ipo, wala si ya uongo: wasimamizi wengi wa seva huacha makusudi baadhi ya mashine zisijiamshe. Umeme unaporudi hapa kwetu huwa hautulii. Unakuja, unakatika, unakuja. Mashine ikiamshwa mara tatu ndani ya dakika kumi na kuangushwa mara tatu, hifadhidata inaweza kuharibika katikati ya kuandika. Na kama una seva mbili zinazotumia diski moja, kosa la kuamsha mgeni yule yule sehemu mbili kwa wakati mmoja linaweza kuisaga diski yote. Nilimwambia hivyo mwanafunzi mmoja aliyeniuliza, mwezi wa tatu au wa nne. “Napenda nikague diski kwanza kabla sijawaamsha,” nilimwambia. Aliridhika. Lilisikika kama jibu la mtu anayejua kazi yake.

Ila seva yetu ilikuwa moja, na diski nilikuwa sizikagui. Nilikuwa naingia, naandika virsh start mara sita, natoka.

Ukweli ni kwamba kila umeme ulipokatika, kundi letu la WhatsApp lilijaa ujumbe: Mama Seva uko wapi? Mama Seva njoo utuamshie. Nilikuwa mgeni jijini, msichana wa kijijini katika darasa la watu waliosoma shule za maana, ambao kwenye semina husikiliza swali langu kwa adabu kisha wanajibu swali la mwingine. Lakini umeme ukikatika walinihitaji kwa jina. Nilitoka bwenini usiku na tochi. Nilishuka kwenye daladala katikati ya safari nikageuza. Mara moja nilikatisha chakula cha Idi kwa shangazi yangu Temeke, nikafika chuoni na sahani imefunikwa kwenye mfuko wa plastiki. Nakumbuka niliona fahari kuibeba sahani ile kupita mbele ya wenzangu.

Amri ile niliijua tangu wiki ya kwanza. Niliiandika mara moja, kwa Pweza, kujaribu. Ilifanya kazi. Nikaifuta.

Sijamwambia Dada hili mpaka leo. Atalisoma hapa.

Nilirudi Dar siku ya kumi baada ya mazishi, na Jumamosi ya kwanza niliomba ruhusa ya kuzima seva kwa saa tatu. Nilidhani itanichukua nusu saa. Niliandika amri sita, kisha nikafanya ambalo wengi hawalifanyi, nikachomoa waya ukutani ili nione. Nikarudisha. Seva ikawaka. Nikasubiri. Nikaorodhesha mashine: Papa yuko macho, Pweza macho, Dagaa macho. Changu, Kibua na Nguru wamelala.

Nilikaa sakafuni stoo ile kwa saa nzima sijui kwa nini. Ndipo nikaona kwamba diski pepe za wale watatu wakubwa zimo kwenye diski ya pili ya seva, na diski ile haikuwa imeunganishwa. Mfumo haukuambiwa popote kuiunganisha unapowaka. Nikafungua ile karatasi ya mrithi. Pembeni, kwa kalamu ya penseli, mwanafunzi aliyenitangulia alikuwa ameandika amri ya kuiunganisha kwa mkono, na mimi kwa miezi minane nilikuwa nikiiandika kama sehemu ya kuamsha, kabla ya samaki, bila kujiuliza. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na hendeli yake. Niliongeza mstari mmoja kwenye faili la fstab ili diski iwe inaunganishwa yenyewe. Nikachomoa waya tena.

Wote sita wakaamka, lakini namba hazikuingia. Kibua alikuwa amewahi kuamka kuliko Changu, akagonga mlango wa hifadhidata, hakujibiwa, programu yake ikakata tamaa na kujizima. Alama ile ya libvirt, kwenye toleo letu, haikuwa na utaratibu wa nani atangulie nani afuate. Kuna mifumo iliyo nao. Proxmox, kwa mfano, inakuruhusu kumpa kila mgeni namba ya foleni na sekunde za kusubiri kabla ya anayefuata. Kuna hata mfumo wa IBM, z/VM, uliozaliwa kutoka VM/370 ya mwaka 1972, ambamo ipo mashine pepe iitwayo AUTOLOG1. Mfumo unapowaka, AUTOLOG1 huanzishwa wenyewe, na kazi yake ni kuamsha wengine kwa orodha iliyopewa. Niliposoma habari zake nilimfikiria Mama, anayeamka kabla ya adhana, anawasha moto, kisha anaita majina mmoja mmoja kwa mpangilio usiobadilika, mwenye safari ya mbali kwanza.

Sisi hatukuwa na AUTOLOG1. Nikabadilisha kitu kingine: nikaiambia programu ya Kibua isife ikimkosa Changu. Isubiri sekunde kumi, igonge tena, na tena, mpaka afungue. Hili nimeona baadaye ndilo bora hata pale penye foleni, kwa sababu foleni inajua nani ameitwa, haijui nani ameshavaa. Nikaweka pia dakika tano za kusubiri kabla libvirt haijaanza kuwaamsha wageni, umeme upate kutulia kwanza. Nikachomoa waya mara ya tatu. Nikaenda kununua chai na chapati kwa mama ntilie nje ya geti, makusudi nisiwepo. Niliporudi, grafu ya Nguru ilikuwa inatembea.

Nenosiri jipya si jina la mtu. Liko ndani ya bahasha kwa fundi sanifu wa maabara, na Dada analo.

Pengo la saa 33 halikuzibika. Namba nne kwa saa, vihisi vitatu: 396. Dada aliweza kupata picha ambazo wakazi walipiga kwa simu, akakadiria urefu wa maji kwa kulinganisha na nguzo za daraja, lakini picha nyingi zilikuwa za mchana wa Jumamosi, maji yakiwa yameanza kushuka. Kilele chenyewe kilikuwa usiku. Siku ya kutetea tasnifu nilikaa nyuma kabisa. Alipofika grafu ya sura ya nne, mistari mitatu ilipanda pamoja kutoka kushoto, ikakatika, ikaacha nafasi nyeupe, kisha ikaendelea upande wa pili ikiwa chini. Mtahini mmoja akauliza hapo palitokea nini.

“Umeme ulikatika,” Dada akasema.

“Saa 33?”

“Umeme saa tatu,” akasema. “Zilizobaki ni za kwetu.”

Alisema za kwetu. Hakugeuka kunitazama. Alifaulu, pamoja na masahihisho. Moja ya masahihisho ni kueleza pengo hilo kwa aya mbili, na akaniomba nimwandikie aya hizo kwa kuwa mimi ndiye ninayejua. Niliandika kwamba mashine pepe hazikuwa zimewekewa alama ya kujiamsha. Ndivyo inavyosomeka, kwa kitenzi kisicho na mtendaji, na ndivyo ilivyochapwa.

Mwezi wa kumi na moja, wakati wa vuli, umeme ulikatika tena usiku wa manane. Nilikuwa nimelala. Niliamka saa kumi na mbili nikashika simu, nikatazama kundi la WhatsApp, nikakuta hakuna aliyeandika. Nikafungua ukurasa wa Nguru: nafasi nyeupe ya saa mbili na dakika chache, kisha mstari unaendelea. Nililala tena kitandani na simu kifuani. Sitasema nilifurahi. Nilihisi kama mtu aliyepitwa na mgeni mlangoni bila salamu.

Nikampigia Mama. Tuliongea habari za mahindi, za mbuzi aliyezaa pacha, za kamati ya maji ambayo imembakiza Baba kwenye orodha ya heshima. Nikamuuliza ghafla hendeli iko wapi siku hizi. Nilidhani ataniambia wameiuza chuma chakavu.

“Ipo,” akasema. “Naegemezea mlango wa banda la kuku. Ni nzito, nguchiro hawezi kuisukuma.”